Kilio Kilichoita Msiba

Pale Chimala nilikokulia, mtoto kulia ovyo lilikuwa kosa kubwa kuliko kuvunja chungu. "Nani kafa?" mama aliuliza kila mara. Kama hakuna aliyekufa, basi unaita msiba, na msiba ukiitwa huja. Hivyo ndivyo tulivyoamini, na mimi niliamini kuliko wote.

Nilikuwa na miaka minane dada yangu Tumaini alipochukuliwa na shangazi kwenda kuishi Iringa. Siku hiyo nilipelekwa shambani kuamia ndege kama kawaida. Badala ya kuwafukuza wasile mpunga, nikaketi kwenye tuta nikalia kwa sauti hadi majirani wakaacha kazi. Mama alikuja mbio. "We mtoto, nyamaza! Unatuitia msiba!"

Siku ya tatu babu akafariki.

Babu alikuwa amekohoa mwaka mzima, lakini nani angenieleza hilo? Nilijua nimemuua mimi. Mazikoni akina mama waligaragara. Mimi nilisimama macho makavu, nimeuma midomo, na watu wakanisifu kwamba ni mtoto jasiri. Laiti wangejua!

Nikakua, nikaolewa Soweto, Mbeya mjini, nikawa mtu wa kubanwa kifua na kukosa usingizi. Nikapimwa malaria, presha, vidonda vya tumbo. Kote naambiwa mzima. Muuguzi mmoja wa makamo akaniuliza mara ya mwisho nililia lini. Nikacheka, nikamsimulia habari za babu kama kichekesho. Yeye hakucheka.

"Mwanangu, babu yako aliuawa na kikohozi," alisema.

Nilirudi kwake mara nyingi baada ya hapo.

Mwaka jana mama alikuja kututembelea. Asubuhi moja binti yangu Neema akapata habari kwamba rafiki yake wa nyumba ya pili amehama. Akajitupa sakafuni, akaangua kilio. Mama akainuka kitini. "Mnyamazishe! Nani kafa humu?"

Woga wa kule shambani ulikuwa hai kabisa, nakiri. Lakini nilimpakata Neema nikasema, "Hajafa mtu, mama. Kaumia. Mwache alie."

Sikuwahi kumjibu mama hivyo maishani. Nilisubiri anigombeze. Akakaa taratibu, akavuta kanga yake magotini.

"Mimi nikilia, bibi yako alikuwa ananipaka pilipili machoni," alisema. "Ati nipate sababu." Akajifuta macho kwa pindo la kanga.

Tulilia watatu, saa nne asubuhi, chai ikipoa mezani. Jirani akaja mbio, kanga begani, akijua kumeharibika. "Poleni jamani, nani katutoka?"

"Hakuna, dada," mama akamjibu, akipenga kamasi. "Tunalia tu. Karibu chai."

Nilicheka hadi mbavu zikauma, na usiku ule nililala fofofo. Simlaumu mama, alinilea kwa alichopewa. Woga ule ulitoka kwa bibi ukaja kwa mama, ukafika kwangu. Kwa Neema haukufika. Nimeuzuia mimi.