Shangazi Milimita na Kona ya Fundi Viatu

"Shangazi, tramu ikipinda, mtu aliyesimama pale kwenye maungio ya mabehewa anageukia wapi?"

Nilikuwa na miaka saba. Shangazi yangu, mchoraji wa mitambo ambaye ofisini wanamwita Milimita, alikuwa amelala kifudifudi sebuleni, akisukuma vibiriti vilivyoungwa kwa pini kwenye kona aliyoichora sakafuni kwa chaki.

"Ngoja kwanza ipite hapa, nitakujibu."

Kona hiyo ilimnyima usingizi. Tramu, treni ya barabarani ya mita thelathini, ilitakiwa kupinda mbele ya duka la fundi viatu, na mkuu wake alitaka mabehewa mawili marefu. Sasa behewa refu likipinda, tumbo lake hukata kona kwa ndani. Hilo lingeingia hadi kwenye rafu za viatu!

"Basi tubomoe duka," mkuu akasema.

Shangazi akamwahidi fundi kwamba halitaguswa tofali hata moja, akachora upya: vipande vitatu vifupi, na kwenye kila maungio mikunjo ya mpira na sakafu ya duara inayozunguka kama sahani. Alichora na kufuta mpaka mimi nikafika sekondari.

Siku ya jaribio tramu ilibandikwa sponji ubavuni. Sponji ikidondoka, maana yake tramu imegusa, na duka linabomolewa. Niliruhusiwa kupanda, nikasimama kwenye duara.

Tukaingia kona taratibu. Mara, "Simama!" Sponji chini.

Mkuu akakohoa. Shangazi akashuka, akapima ukuta kwa rula, kisha akatazama juu. Kiatu kikubwa cha bati kilining'inia, kimechomoza kuelekea relini.

"Mzee wangu, hiki kimetoka wapi?" akamuuliza fundi.

"Nimekitundika jana, binti yangu! Kuipokea tramu yako."

"Umeipokea kwa teke!" dereva akadakia dirishani. Tukavunjika mbavu, hata mkuu.

Kiatu kikashushwa, sponji ikarudishwa, tukaanza tena. Kipande cha mbele kikageuka, cha kati kikafuata, ukuta ukapita karibu hadi ningeweza kuhesabu matofali. Hakikudondoka kitu. Fundi alishangilia akigonganisha soli mbili.

Shangazi akanikuta bado nimeganda kwenye duara, mguu mmoja mbele, mmoja nyuma.

"Uliniuliza anageukia wapi," akasema, macho yamemlowa. "Anageuka nusu tu, mwanangu. Nusu anawafuata wa mbele, nusu anawasubiri wa nyuma."