Mlango wa Chumba cha Mama

Daktari alisema mama atakuwa akisafishwa damu kwa mashine mara mbili kila wiki, na kwamba safari za kutoka kwetu kijijini Kibirichia hazimfai tena. Kila akishuka garini alikuwa hoi, akikaa kando ya barabara kabla ya kuupanda mteremko wa shamba letu la viazi. Ikanibidi nimtafutie nyumba mjini Meru, karibu na hospitali, isiyo na ngazi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimebanana na mwenzangu wa kazini katika chumba kimoja, ghorofa ya nne.

Nilidhani shida ni kodi tu. Mji umejaa watu wa maofisi na wanafunzi, na wenye ploti za kupangisha wanalijua hilo vizuri. Kila nikitoka kazini nilizunguka mtaa wa Kinoru nikisoma vibao vya nyumba za kupangisha, nikipiga simu, nikitajiwa bei, nikishukuru na kukata. Mwishowe nikapata bedsita, chumba kimoja tu, lakini cha chini kabisa. Keateka, mzee aliyeshika funguo za ploti hiyo, alinionea huruma.

"Chukua hii, kijana. Hapa maji haipotei, na landlord hana maneno mingi."

Nikampigia mama kwa furaha. Akaniuliza kwa Kimeru yeye atalala wapi na mimi nitalala wapi. Nikamwambia tutaweka pazia katikati.

"Wewe ni mwanamume aliyetahiriwa," akasema. "Hulali mahali ninapovulia nguo. Afadhali nifie kwangu."

Nilikasirika. Nilitaka kumwambia kwamba figo hazijui mila. Lakini tangu nilipotoka jandoni sikuwahi kuuvuka mlango wa chumba chake, hata wiki ile tuliyomzika baba, na nilijua hasemi hivyo kwa ukaidi. Ndivyo alivyoniheshimu miaka yote.

Basi nikaanza upya kutafuta nyumba yenye chumba cha kulala, na hizo zilinishinda kabisa. Keateka ndiye aliyekumbuka moja, nyuma ya ploti ile ile. Ilikuwa imekaa tupu kwa sababu mpangaji aliyehama aling'oa mlango wa chumbani akaenda nao, na mwenye nyumba alikuwa radhi kupunguza kodi kwa yeyote atakayetia mwingine. Mimi kazi yangu ni kuuza vifaa vya ujenzi. Nilicheka peke yangu barabarani, watu wakanitazama.

Nikanunua mlango wa mbao, bawaba na komeo. Chumba kilikuwa kidogo na kitanda kilizuia, kwa hiyo nikauweka ufungukie sebuleni. Siku alipofika, mama hakuangalia jikoni wala choo. Aliingia chumbani, akavuta komeo kwa ndani, akalifungua tena, akatoka.

"Sasa hii ni nyumba," akasema.

Nilikuwa nikilala kwenye kochi. Kila asubuhi nilimsikia akifungua komeo, nikajua ameamka, nikaweka chai motoni. Niliipenda sauti ile kuliko nilivyojua.

Asubuhi moja ya siku ya mashine, komeo halikulia. Nikabisha. Sauti yake ikanijibu kutoka chini sakafuni. Alikuwa ameanguka na hakuweza kulifikia komeo.

"Usiingie," akasema. "Niitie mama wa jirani."

Nikatoka mbio. Jirani alikuwa ameshaenda sokoni, na nyumba nyingine zote zilikuwa na kufuli. Nikachukua nyundo na bisibisi, nikaanza kung'oa pini za bawaba nilizozitia kwa mikono yangu mwenyewe.

"Mama, naingia."

Nilipouegemeza mlango ukutani nilimkuta amejifunika uso wote kwa leso, ili asinione nikimwona. Nikamwinua. Alikuwa mwepesi mno, na nililia bila kujificha, kwa sababu hakuna aliyekuwa akinitazama. Hakuiondoa leso mpaka tulipofika hospitalini.

Jioni, kabla hata ya kunywa chai, aliniomba niurudishe mlango. Nikaurudisha, nikaujaribu, ukafunga vizuri. Nilipoinama kukaza skrubu za komeo, akanishika mkono.

"Hilo liondoe," akasema.