Nilishindwa Kumfundisha Mwalimu Wangu Kazi ya Duka

Jamani, nimekosa. Jambo hili nimelibeba tangu msimu wa ndengu uliopita na sasa limenizidi. Jina langu liacheni tu, maana huku Siakago tunajuana wote, na nina watoto wanaokula kwa kazi hiyo hiyo niliyoitia doa.

Mimi ni msimamizi wa duka la dawa za mifugo na mimea. Mwenye duka tunamwita Madam. Anakaa Embu mjini na huja mara moja kwa wiki. Siku moja aliniambia amenipatia mtu wa kunisaidia. Nikauliza ni nani, akamtaja Mwalimu.

Nilishtuka! Mwalimu huyo alinifundisha kuanzia darasa la pili mpaka la tano. Ndiye aliyenishika mkono nikaweza kuandika jina langu. Alikuwa amestaafu, mkewe amefariki, na upweke ulikuwa unammaliza. Madam alimtaka kwa sababu wakulima wote wanamheshimu.

Siku ya kwanza alifika kabla yangu, viatu vinang'aa, kalamu mfukoni.

"Haya, leo wewe ndiye mwalimu," akaniambia huku akicheka. "Tuanzie wapi?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Mimi nisimame mbele ya Mwalimu nimwambie shika hiki, usiguse kile? Kwetu aliyekufundisha ni mzazi, na mzazi hapewi amri. Nikamvutia kiti.

"Ai, Mwalimu! Wewe tena ufundishwe nini? Kaa tu nikuletee chai."

Siku ya pili akauliza tena, nikacheka tena. Siku ya tatu hakuuliza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilimpa jembe na shamba sikumwonyesha!

Watu wa huku hununua dawa kidogo kidogo. Kwa hivyo sisi huipima kutoka kwa mitungi mikubwa na kuitia kwenye chupa ndogo zinazofanana. Kifuniko chekundu ni dawa ya kuua magugu, cheupe ni ya wadudu. Hatukuwa tumebandika karatasi yoyote, yalikuwa mazoea yetu tu, na hilo nalo najua ni kosa. Mtu hawezi kujua mpaka aambiwe.

Basi siku moja nikaenda Embu kuchukua mzigo, nikamwacha peke yake. Mjane mmoja, Mama Muthoni, akaja kutafuta dawa ya wadudu ya kupulizia ndengu zake, ambazo zilikuwa karibu kutoa maua. Mwalimu akampa chupa ya kifuniko chekundu.

Wiki iliyofuata Mama Muthoni alirudi na ndengu zilizokauka hadi mizizi. Akazitupa juu ya kaunta, akaanza kulia.

"Shamba yote imeisha," alisema. "Hata ya kupikia watoto sina."

Madam alipigiwa simu akaja mchana huo huo. Akanigeukia mbele ya wateja.

"Wewe si ulimwonyesha hizi vifuniko?"

Hapo ndipo nilipojimaliza. Ningesema hapana. Neno moja tu! Lakini niliiona kazi ikienda, nikaona watoto wakirudishwa nyumbani kutoka shule, na ulimi ukakimbia mbele ya roho.

"Nilimwonyesha, Madam. Siku ya kwanza kabisa. Zote."

Mwalimu alinitazama. Alikunja uso kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali akakikosa. Kisha akasema polepole, "Kama anasema alinionyesha, basi alinionyesha. Ni mimi nimesahau."

Nilidhani ananifunika, kama mzazi anavyomfunika mwanawe. Nikamshukuru kimoyomoyo, Mungu anisamehe. Aliachishwa kazi pale pale. Kesho yake alimpelekea Mama Muthoni mbuzi wake wawili, na hakuna mtu aliyemwambia afanye hivyo.

Baadaye nikaanza kusikia maneno. Eti Mwalimu amekataa kusoma neno kanisani, anaogopa kuchanganya kurasa. Eti haendi soko peke yake. Mwezi jana binti yake alikuja dukani kununua chakula cha kuku, nikamuuliza mzee anaendeleaje.

"Amenipatia funguo za nyumba nikae nazo," akasema. "Ati kichwa yake haiko sawa. Na hajasahau kitu hata moja! Hii kitu ilianza tu na ile maneno ya hapa kwenu."

Kumbe hakuwa amenifunika. Aliniamini!

Jumapili nilienda kwake na sukari na mkate. Nilimkuta ameketi nje, nikapiga magoti nikasema yote. "Mwalimu, sikukuonyesha. Nilidanganya. Hukusahau chochote." Nililia kama mtoto.

Alinishika bega. "Unanihurumia, mwanangu. Asante. Lakini wewe nakujua tangu ukiwa mdogo. Hukuwa mtoto wa kudanganya."

Niliapa. Akaniambia niache kuapa bure, ninywe chai. Chai yenyewe niliiacha ikapoa.

Pengine akiusikia ukweli kutoka kwa Madam atauamini. Lakini Madam bado hajui, na siku atakayojua mimi sina kazi. Nimemwandikia ujumbe kwenye simu mara tatu na mara tatu nimeufuta. Nawaandikia ninyi kwanza kwa sababu hamwezi kunifukuza. Aibu iliyoje!

Wenzangu, nawasihi. Mtu mpya akifika kazini, hata awe mwalimu wako, mchungaji wako au mama mkwe wako, msimamishe mbele ya kazi umwonyeshe moja moja, naye akuonyeshe ameelewa. Utamwonea haya siku hiyo moja tu, kisha itapita. Na ukiulizwa, sema ukweli hapo hapo, kazi iende kama ni ya kwenda. Mimi nilingoja miezi minne. Leo Mwalimu ameketi kwake anangoja siku atakayosahau majina ya wajukuu wake, na mzee wa watu hana ugonjwa wowote.