Pikipiki ya Kiti Kimoja

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Mke wangu Kokugonza husema nilizaliwa nimekunja uso, na wazee wa usharika wetu kule Rubafu waliniombea mara mbili nipoe, sikupoa. Nilikuwa trafiki miaka ishirini na sita katika mkoa huu, tangu ukiitwa Ziwa Magharibi, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyenichoma roho kama Datius Ishengoma wa Kibeta. Leo ukiniuliza rafiki yangu ni nani, nitakutajia huyo huyo. Kaa nikueleze.

Datius alikuwa fundi wa mashine za kukoboa kahawa. Mashine ikikwama Rubafu au Muleba, aliitwa yeye. Mtu mfupi, mpole, kucha nyeusi kwa grisi, hakosi misa ya Jumapili. Akiwa kwa miguu alikuwa raia mwema kabisa, hata mtoto angempita njiani. Shida ilikuwa ile pikipiki.

Mwaka uliofuata Uhuru, mhandisi mmoja Mzungu wa barabara alifunga virago akarudi kwao, akaacha bandani masanduku matatu ya vyuma. Ilikuwa pikipiki ya mashindano, Triumph, imefunguliwa mpaka skrubu ya mwisho. Wenye akili wote wa Bukoba walisema ni chuma chakavu. Datius akaomba apewe, akakaa nayo miaka miwili anaiunga kipande kwa kipande, na kipuri kilichokosekana alikichonga mwenyewe kwa tupa. Ilipokamilika ilikuwa na usukani wa chini unaomlaza mtu kifudifudi juu ya tangi, ekzosi yenye mngurumo wa kuamsha wafu, na kiti kimoja chembamba cha ngozi, cha mtu mmoja tu. Nyuma ya kiti alichomelea keria ya kufungia sanduku lake la vifaa.

Mara ya kwanza nilimsimamisha Buhembe, mwaka sitini na nane. Alisimama mita mia mbili mbele yangu, akairudisha kwa kuisukuma, akasema, "Samahani, Afande. Breki zimekuona, ila zimechelewa kukujibu." Nikamwandikia kosa kwa hasira mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Mara ya pili Land Rover yetu ilimfukuza kutoka Kemondo. Wenzangu wakala vumbi mpaka mjini, wakamkuta amekaa barazani kwake anamenya ndizi. Eti, "Kumbe mlikuwa mnanifuata mimi? Ningejua ningewangoja."

Mji mzima ulicheka. Mkuu wangu, Inspekta Kamugisha, hakucheka. Alifungua jalada akaandika kwa wino mwekundu kwamba kosa lingine lolote la Datius Ishengoma juu ya pikipiki ile, pikipiki iletwe kituoni isitoke tena, na leseni yake ifutwe. Datius aliitwa akasomewa maneno hayo, akatia sahihi. Bila pikipiki asingekuwa fundi wa mkoa. Angekuwa fundi wa Kibeta tu, na Kibeta hakuna mashine. Nami nilifurahi, Mungu anisamehe. Siku za mwizi ni arobaini, nilijiambia, na hizi nitazihesabu mimi.

Basi ikaja ile miaka ya shida ya petroli. Serikali ikakataza watu kuendesha magari yao Jumapili, kuanzia saa nane mchana mpaka Jumatatu asubuhi, ila mwenye kibali. Sisi tuliambiwa pikipiki nazo zimo. Nilipangwa kizuizini Muhutwe, pale barabara moja inapokwenda Bukoba na nyingine inapopanda mlima kwenda Kamachumu. Nilikuwa peke yangu na baiskeli yangu na boriti ya kuziba njia. Usichoke kunisikiliza, hapa ndipo penyewe.

Jumapili moja, kama saa kumi hivi, nikausikia ule mngurumo. Niliujua kama ninavyojua kikohozi cha baba yangu. Nikavaa kofia vizuri, nikatoa daftari, nikasimama katikati ya barabara. Lakini muda ukapita na mtu hatokei. Sauti ilikuwa inakuja mwendo wa kinyonga, ikizimika kidogo, ikiguguma tena. Sikuwa nimewahi kusikia chombo kile kikitembea taratibu.

Alipotokeza kwenye kona nilidhani ninaota. Datius alikuwa na suti yake ya kanisani, mgongo umenyooka kama padri. Nyuma yake palifungwa tita nene la majani makavu ya mgomba, limesimama kama ukuta. Na nyuma ya tita, juu ya keria, aliketi mwanamke mzee aliyejifunika kanga kichwa chote mpaka kifuani, amefungwa kwenye chuma kwa kamba za mgomba. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba mpaka gotini.

Nikainua mkono. Datius akasimama palepale, akazima injini, akanivulia kofia.

"Ni mama mkwe wangu, Afande. Ma Kokuberwa. Mke wangu Felicitas amejifungua, nikaja asubuhi kumletea habari, nilale mpaka kesho nisivunje sheria. Saa tisa ameumwa na nyoka shambani. Gari hakuna. Wangembeba kwa machela wangefika hospitali ya misheni kule Kamachumu usiku."

"Na hilo tita?"

Hakuhitaji kujibu, mimi mwenyewe ni Mhaya. Kwetu mama mkwe na mkwe hawagusani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na wale wa zamani hata usoni hawakutazamana. Ma Kokuberwa alikuwa wa zamani. Alikubali kupanda kwa sharti la kuwekewa ukuta wa majani na kufunikwa uso, na kwa mkwe wake asingeshika hata ncha ya koti. Ndiyo maana Datius alikuja polepole. Magoti ya yule mama yalikuwa yamechubuka na yanatoka damu. Alikuwa ameshaponyoka kwenye keria mara mbili.

"Mama," nikamwambia, "mshike mkwe wako kiuno. Mbele kuna mlima."

Sauti ikatoka ndani ya kanga, dhaifu lakini kavu. Hakuniambia mimi wala Datius. Aliiambia pikipiki. "Wewe pikipiki, mwambie bwana wako anishushe hapa. Kufa si aibu. Mimi sitamkumbatia mume wa mwanangu nikiwa na umri huu."

Nilikasirika, jamani. Nilimkasirikia nyoka, nikamkasirikia mama, nikamkasirikia Datius aliyesimama pale machozi yanamtiririka wala hayafuti. Kosa lilikuwa wazi mbele yangu, tena makosa matatu: Jumapili, kibali hana, na abiria kwenye chombo cha kiti kimoja. Nilikuwa nimengoja siku hiyo miaka saba. Ningeweza pia kugeuza uso nikamwacha apite. Lakini mlima ule una kona kali na korongo, na mtu asiyeshika kitu angebaki korongoni. Sheria yangu na mila yake zote mbili zilikuwa zimesimama upande wa nyoka. Alihitaji mtu wa kumshika asiyekuwa mkwe wake, na pale barabarani mtu huyo alikuwa mmoja tu.

"Shuka," nikamwambia Datius.

Akashuka. Nadhani aliamini ninaichukua pikipiki, maana alilipapasa tangi mara moja, akarudi nyuma.

"Fungua hilo tita. Kaa hapa kizuizini. Chombo kikija, kisimamishe."

"Afande, mimi si polisi."

"Na mimi si dereva wa mashindano. Klachi yake ikoje?"

"Ngumu kidogo. Gia ya pili inataka kubembelezwa." Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Elieza, nakuomba, usimwangushe." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina.

Nikalala juu ya lile tangi na kofia yangu ya serikali kichwani. Nikamwambia yule mama, "Mimi ni Elieza wa Rubafu. Si mkwe wako, wala sina binti yako. Nishike." Kisha mikono miwili mikavu ikanizunguka kiuno na kukaza, na kichwa chake kikaniegemea mgongoni.

Tukapanda. Kona ya kwanza na ya pili nilikwenda kwa hofu, nikibembeleza gia kama nilivyoambiwa. Yule mama alikuwa anapumua kwa shida. "Mpola, mwana wange," akaniambia, taratibu mwanangu. Kona ya nne akawa kimya. Nikamwita, akachelewa kuitika. Halafu nikasikia sikioni, "Haya mapikipiki mnayoyagombania, mwisho wa mbio zake ndio huu?"

Basi nikaifungulia. Sitasema uongo, niliipenda. Upepo ulinikata masikio, migomba ikawa inapita kama ukuta mmoja wa kijani, na chombo kile kikapanda mlima kama kinashuka. Nilimwelewa Datius siku hiyo, na kumwelewa kuliniudhi. Watu waliokuwa wanatoka ibada ya jioni walijitupa pembeni ya barabara, wakamwona trafiki aliyevaa sare amelala juu ya pikipiki ya Datius, amebeba bibi kizee kwenye keria, Jumapili saa kumi na moja kasoro. Walikuwepo watu sitini au zaidi. Tulifika jua bado liko juu, wauguzi wakamtoa mgongoni mwangu, na ilibidi wafungue vidole vyake kimoja kimoja kwenye mkanda wangu.

Jumatatu asubuhi Inspekta Kamugisha alikuwa na habari zote kabla sijamsalimu. Jalada lenye wino mwekundu lilikuwa wazi mezani.

"Pikipiki ya Ishengoma ilikuwa barabarani jana."

"Ndiyo, Afande."

"Nani aliifikisha Muhutwe?"

Nilisimama pale, na nilijua neno moja tu lingemaliza kila kitu. Koplo Elieza, mtu wa sheria, angebaki na tepe zake mbili, na Datius angebaki na suti yake.

"Niliikuta imesimama, Afande," nikasema. "Aliyeiendesha ni mimi. Bila kibali, na abiria juu. Nimeshaandika."

Nikamwekea daftari. Ni uongo mmoja tu niliowahi kuuingiza katika kitabu cha serikali, na nimeutubu kanisani, lakini ukinirudisha pale nitauandika tena. Kamugisha alisoma mara mbili. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa jalada. Sheria ni msumeno, akasema, hukata mbele na nyuma. Jioni hiyo Kokugonza alibandua tepe zangu kwa wembe, uzi kwa uzi, pakabaki alama mbili za kaki isiyopauka kwenye kila mkono. Alinitazama, akaona nimekunja uso. "Afadhali," akasema, "zilikuwa zinanisumbua kupiga pasi." Nilistaafu nikiwa konstebo.

Wiki tano baadaye Ma Kokuberwa alikuja kwangu anachechemea na fimbo, na mkungu wa ndizi ulioletwa kwenye keria ya ile pikipiki. Datius aliisukuma mpaka langoni, akabaki nje ya ua, ametugeuzia mgongo. Mama akaingia ndani, akakaa kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni karibu na mimi, akala matoke kwenye sahani yangu. Alizaa wana watatu wa kiume na wote aliwazika wadogo, akanieleza hivyo bila kulia. Akaishi miaka tisa zaidi, na kila nilipopita bondeni kwao niliingia nikala.

Alipofariki, watu walijaa shambani mpaka kwenye mibuni. Datius alikuwa upande wa wakwe, mbali na kaburi, kama desturi inavyotaka, analia kuliko watu wote. Mimi nilisimama nyuma kabisa na sare yangu isiyo na tepe. Jeneza liliposhushwa, msemaji wa ukoo akauliza mtoto wa kiume wa marehemu yuko wapi atupe udongo wa kwanza. Nikainamisha kichwa, maana nilijua hakuna.

"Mwenyewe aliacha neno," akasema Felicitas. "Alisema ni yule aliyemshika kiuno."

Watu wakageuka wakaniangalia. Nilipita katikati yao, mimi Mlutheri wa Rubafu, nikachota udongo kwa mkono. Sikumbuki nilivyorudi mahali pangu. Nakumbuka kwamba nililia, na mimi si mtu wa kulia.

Jioni Datius alinikuta barabarani nikielekea kituo cha basi, maana baiskeli ilikuwa imeharibika. Akaja taratibu, akazima, akaigonga ile keria kwa kiganja.

"Panda, shemeji. Nikufikishe Muhutwe."

Nikakitazama kile kiti chembamba. "Kiti ni kimoja, Datius," nikamwambia.

Hakubisha. Alishuka, akashika usukani, akaanza kuisukuma kando yangu. Tulitembea hivyo mpaka Muhutwe, mwendo wa saa mbili.