Shahidi wa Bawa la Kushoto

Kiwanda chetu kilitengeneza ndege mbili na nusu. Banda lenyewe bado lipo nyuma ya mtaa wa Komarock, ila siku hizi ndani yake huuzwa chakula cha kuku. Ukipita pale huwezi kudhani kwamba watu wa mtaa huu waliwahi kuunda kitu kikaruka. Hakuna aliyeandika habari zake, na tunaozijua tumebaki wachache, kwa hiyo nitazieleza jinsi nilivyoziona mimi.

Mwenye kiwanda alikuwa fundi wa ndege. Alitengeneza ndege za watu wengine kule uwanja wa ndege wa Embakasi mpaka akastaafu, kisha akakodi banda, akaweka meza mbili ndefu na kuanza kuunda zake. Alisema ndege ndogo ya viti viwili haina uchawi wowote, ni useremala usiofanywa kwa haraka. Mbele ya wageni tulimwita mdosi, yaani bosi. Tukiwa wenyewe tulimwita mzee.

Aliyemfuata alikuwa mchongaji, Mkamba aliyetumia nusu ya maisha yake kuchonga twiga wa kuuziwa watalii. Mzee alimpa ubao na mchoro wa propela, akamwambia achonge. Tatu za kwanza zilitupwa. Ya nne ilikubali, na tangu siku hiyo mchongaji alikataa kugusa twiga tena.

Mimi nilifika baada yao. Baba alitangulia kufa, mama akamfuata nikiwa kidato cha pili, na nyuma yangu kulikuwa na wadogo watatu. Wiki ya mazishi ya mama ndiyo wiki niliyoacha shule. Nilikuwa soko la Gikomba, napunguza suruali za mitumba kwa cherehani ya kukodi, mzee alipokuja kutafuta mtu wa kushona kitambaa cha bawa. Alivaa miwani, akakagua mshono wangu kama daktari, akaniuliza kama naweza pia kazi ya gundi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mchongaji aliposikia nalea watoto watatu alinibatiza jina la mathe, yaani mama, nikabaki nalo.

Ndege ya kwanza ilichukua miaka mitatu. Ilipopaa, mzee akiwa ndani peke yake, mchongaji alikaa chini kwenye nyasi akageuza uso, hakuitazama mpaka ikatua. Ya pili ilikwenda kwa mtu wa ranchi aliyetaka kuhesabu ng'ombe wake kutoka juu. Ya tatu, iliyoagizwa na mteja mwingine, haikutoka mlangoni.

Bawa la ndege zetu lilikuwa la mbao ndani na kitambaa nje. Boriti moja hupita kutoka mwanzo hadi mwisho, na mbavu nyembamba za mbao hubandikwa juu yake. Zilishikwa na gundi tu, gundi ya kuchanganywa kutoka makopo mawili, nayo haipendi baridi; isipopata joto usiku wa kwanza, haishiki kamwe. Kila tulipobandika ubavu, tulibandika pia vipande viwili vidogo vya mbao kwa gundi ya bakuli lile lile. Viwili hivyo vilivyobandikwa pamoja tuliviita shahidi. Shahidi alilala mahali pale pale bawa lilipolala. Asubuhi tulimkaza kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania, na kumpiga nyundo. Mbao ikichanika na gundi ikabaki imeshika, bawa ni zima. Gundi ikiachia, kazi yote ya jana inakatwa na kuchomwa. Bawa lenyewe hatukuweza kulijaribu bila kulivunja, kwa hiyo lote tulilolijua kulihusu tuliambiwa na shahidi.

Julai ya ndege hiyo ya tatu ilikuwa baridi kuliko kawaida. Tulifunika bawa la kushoto kwa blanketi na nailoni, tukawasha balbu kubwa chini yake ili gundi ipate joto. Nilibandika mbavu za mwisho alasiri. Nikamchukua shahidi wangu nimwandikie siku na herufi za jina langu kwa penseli, na kwa kuwa meza ilijaa vumbi la mbao, nikamweka kwenye rafu iliyo juu ya jiko la makaa tulilopikia chai. Nilikusudia kumrudisha. Halafu stima ikapotea, kukawa na giza ndani ya banda, tukafunga tukaenda nyumbani.

Asubuhi balbu zilikuwa zinawaka tena. Hakuna aliyejua zilikuwa zimezimika kwa muda gani. Nilimtoa shahidi kwenye rafu, mzee akampiga nyundo, mbao ikachanika vizuri sana.

"Huyu ameapa kwa Biblia!" mchongaji akapiga kelele.

Tulicheka wote. Nilishona kitambaa, tukakipaka rangi. Mkaguzi wa serikali alikuja, akafungua sanduku tulimotunzia mashahidi waliopigwa, akatazama kila mmoja, akatia sahihi.

Ilikuwa Alhamisi, siku mbili kabla ya mzee kuipaisha ndege. Lori la kuibeba hadi kwenye kiwanja lilikuwa limeshaagizwa. Mchongaji aliingia amelowa, akatandaza soksi zake kwenye rafu ile. Baada ya chai akazitwaa.

"Aki hili jiko!" akasema. "Zimekauka kama mkate wa juzi. Bawa lingelala hapa, lingeomba kuvuliwa blanketi."

Nilishika kikombe nisijue kama ni cha moto. Shahidi wangu alilala hapo, juu ya makaa yaliyobaki. Bawa lililala upande wa pili wa banda, katika baridi ya Julai, chini ya balbu zilizozimika. Shahidi alisema ukweli kuhusu rafu. Kuhusu bawa hakujua chochote.

Sikusema neno siku hiyo. Niliogopa, na sitaki kuipamba hofu yangu. Nilifika nyumbani nikapika, na mdogo wangu anayenifuata akaonja mboga akaweka kijiko chini.

"Umetia chumvi mara mbili. Kuna nini?"

Nikamweleza. Alikuwa kidato cha nne, na alielewa haraka kuliko nilivyopenda.

"Usiposema?"

"Jumamosi mzee atapanda."

"Na ukisema?"

"Wataichana. Mteja ameshangoja sana, hatangoja tena."

Aliwaangalia wale wadogo wawili waliokuwa wakigombania kijiko. "Sasa sisi?"

"Cherehani za Gikomba bado ziko," nikamwambia.

 Alimimina maji kwenye ile mboga, akaikoroga, tukala hivyo hivyo.

Ijumaa nilimkuta mzee anapangusa kioo cha mbele kwa fulana kuukuu. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kabla sijavua koti. Aliendelea kupangusa mpaka nikamaliza.

"Rafu ya jiko," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Mathe, funga mdomo!" mchongaji akaniambia kutoka nyuma. "Mzee, usimsikize huyu. Amechoka. Mkaguzi si alitia sahihi? Hata kama gundi ilisikia baridi kidogo, si ilikauka baadaye? Mimi mwenyewe husikia baridi na sijaachana na mifupa!"

Mzee alifungua droo, akatoa kisu cha kitambaa, akanipa mimi. "Wewe ndiye uliyeshona."

Tulilishusha bawa, tukalilaza kwenye meza. Nilikata kando ya mshono wangu mwenyewe, rangi ikapasuka kama ganda la yai. Mzee aliingiza mkono, akashika ubavu wa kwanza na kuuvuta. Haukusogea. Wa pili haukusogea.

"Unaona?" mchongaji akasema.  "Unaona sasa? Tumechana bure! Mathe, umetuua."

Nami nilidhani hivyo. Nilitamani ubavu uachie, kisha nikaona aibu kwa kutamani hivyo.

Ubavu wa tatu ulitoka na mkono wa mzee. Haukuvunjika, ulibanduka tu, na mahali ulipokuwa palibaki gundi laini ya manjano, kama nta ya mshumaa. Wa nne hivyo hivyo. Wa tano aliugusa kwa kidole kimoja, ukaanguka.

Mchongaji alitoka nje. 

Mzee alizipanga zile mbavu mezani moja moja, kwa utaratibu, kama zingetumika tena. Hakunishukuru, na sikutarajia. Alifuta vidole kwenye fulana.

"La kulia ulilibandika lini?"

"Wiki hiyo hiyo."

"Shahidi wake alilala wapi?"

Nilijaribu kuiona meza, nikaiona. Nilijaribu kuiona rafu, nikaiona pia. Mkaguzi alikuwa ameshapita. Ningesema meza, angeniamini, na labda tungebaki na bawa moja la kuanzia.

"Sikumbuki, mzee."

Alikwenda kwenye bawa la kulia. Kisha akaniambia nishike upande ule mwingine, tulishushe.