Vifundo Kwenye Nywele za Mjukuu Wangu

Unywele hujifunga wenyewe. Nalitanguliza hilo mapema, maana nikianza kusimulia huwa napotea, na siku hizi nachoka kabla sijafika mwisho.

Mke wa mwanangu alizaliwa Bulwa, kwenye kambi ya wachuma chai. Watu wa kule wametoka kila pembe ya nchi, na kila mmoja alikuja na woga wake. Simsemi kwa ubaya, sisi huku milimani tuna wetu pia. Basi, Jumapili moja baada ya ibada alikuwa jikoni anamfumua binti yake nywele nilizosuka mimi. Akavuta unywele mmoja, akausogeza kwenye mwanga wa mlango.

"Mama, hiki kifundo nani kakifunga?"

Sikukiona. Macho yangu yana ukungu hata jua likiwaka. Akanishikisha: kidogo kuliko punje ya ulezi. Akatafuta, akapata kingine, na kingine.

"Kichwa cha mtoto unakishika wewe peke yako, mama."

Alisema taratibu, kama mtu anayeomba chumvi. Lakini nilielewa: kwao kifundo kwenye nywele ni mkono wa mchawi. Mtoto alikuwa anakohoa tangu vuli ianze, na mama yake anatafuta sababu. Mimi nami jembe nimeliacha, kuni naletewa. Kumsuka mjukuu ndiyo kazi iliyonibakia. Wakininyima na kichwa hicho, nitakuwa mtu wa kukaa tu.

Zamani ningegomba. Nilikuwa na mdomo, waulizeni wauza viazi wa gulioni. Siku hiyo sikuwa na nguvu. Nikavua kitambaa changu.

"Tafuta na huku. Tangu babu yake afariki, hakuna aliyekigusa kichwa hiki."

Akaona haya, mkwe kushika kichwa cha mama mkwe. Mjukuu ndiye aliyeanza kupekua.

"Bibi, unavyo vingi kunishinda."

"Umeona? Na mchawi gani atahangaika na kizee kisicho na hata jino?"

Mtoto akacheka mpaka akakohoa. Mama yake hakucheka, ila alisogea karibu.

Nikamweleza ninavyoona mimi, niliyeishia darasa la pili. Fumua sweta, utaona uzi unavyobaki umejikunja. Nywele zetu ndivyo zilivyo. Ukizilowesha zinalegea, zikikauka kila unywele unajiviringa upya, na ncha ikipita ndani ya pete yake, basi. Kofia ya sufu inasugua usiku kucha, fundo linakaza. Na kwa baridi hii ya kwetu, nani analala bila kofia?

Hakusema ameamini. Alichukua mkasi, akakata vifundo vya mtoto kimoja kimoja, juu kidogo ya fundo, kwa sababu ukivuta unywele unakatika vibaya. Kisha akauliza mafuta ya nazi yako wapi. Nilidhani ni ya mtoto. Akakaa nyuma yangu, akaanza kunichana mimi. Ana mkono mzito yule, aliniumiza, nikamwachia kichwa.

Alipomaliza alimsukuma mtoto katikati ya magoti yangu.

"Msuke, mama. Kofia nitaishonea kitambaa laini kwa ndani. Na kesho nampeleka zahanati, hicho kikohozi kisikilizwe."

Nikaanza kusuka. Vidole vilikuwa vinauma, mistari ikaenda upande. Mtoto alisinzia kabla yangu, lakini nami sikukawia.