Siku Tatu za Mwezi Mpevu

Mume wangu alikuwa mchonga vinyago. Kiwanda chao, kibanda cha mabati huko Pumwani, hakikuwa mbali na chumba chetu cha Ziwani, na tangu tuoane alikuwa akija nyumbani saa saba mchana kula muthokoi wangu wa mahindi na maharagwe, vumbi la mti likiwa bado kwenye nyusi. Kwa hiyo asubuhi aliyosema, "Leo usiniwekee, nitakula huko huko kazini," niliona ajabu kidogo. Kesho yake akasema vivyo hivyo, na kesho kutwa. Siku ya nne akaja, akala, akaomba aongezwe.

Mwezi uliofuata ikawa hivyo tena, siku tatu. Na asubuhi za siku hizo niliikuta sufuria ya ugali wa jana imekwanguliwa ikawa safi. Mtu anayekula kazini ana haja gani na kiporo? Nikaamini anakibeba kumpelekea mtu.

Nilimwambia jirani yangu, mke wa dereva wa lori, tulipokuwa tukifua mferejini. Yeye hakushangaa hata kidogo.

"Una mtoto mchanga," alisema. "Wanaume huanzia hapo. Uliza huyo mwanamke anakaa wapi, basi."

Sikuuliza. Nilianza kumchunguza. Nilinusa mashati yake kabla sijayaloweka. Nilimtazama akivua viatu, nikijaribu kujua kwa tope lake amepita njia gani. Akicheka na mtoto, nilijiuliza kicheko hicho amekileta kutoka wapi.

Kilichonifumbua macho ni kelele za watoto. Mtaani kwetu taa nyingi za barabarani zilikuwa zimekufa, na wazazi waliwaruhusu watoto kucheza nje baada ya chakula siku za mbalamwezi tu. Jioni moja nilikuwa nikiosha vyombo mlangoni, wao wakicheza mpira wa matambara, nikakumbuka kwamba mwezi uliopita pia walikuwa nje hivi hivi siku alizokataa chakula changu. Nikainua macho. Mwezi ulikuwa umejaa, mkubwa, umekaa juu ya mapaa kama mtu anayesikiliza. Hapo hofu ya mwanamke ikanitoka, ikaingia nyingine mbaya zaidi. Mimi ni binti wa mzee wa kanisa. Nilikulia Ukambani nikiambiwa ni watu gani hufanya mambo yao kwa kuangalia mwezi.

Asubuhi yake nilipekua koti lake la kazi. Mfukoni, ndani ya kipande cha gazeti, nilikuta mbegu tatu, nyembamba, ngumu, zenye ufa katikati. Sikuwa nimeziona maishani. Nikampelekea jirani.

"Usizishike mikono mitupu!" akasema, akarudi nyuma hatua mbili. "Hizo ni za mganga."

Nikazirudisha mfukoni kwa kijiko.

Mwezi mwingine ulipojaa nilimfunga mtoto mgongoni, nikaenda kusimama ng'ambo ya kiwanda saa kumi na moja jioni. Mume wangu alitoka na mwenzake, yule aliyekuwa akipiga vinyago msasa. Wakaingia mtaa wa Majengo. Niliwafuata kwa mbali, nikipita kati ya nyumba za udongo, hadi walipofika mlango mmoja ambapo mwanamke mzee alikuwa ametandika mkeka barazani. Juu ya mkeka palikuwa na jagi la maji, vikombe, na sahani ya vitu vyeusi vyenye kung'aa. Waliketi bila kugusa chochote. Ni kule kungoja kwao kulikonitisha. Miguu yangu ikanipeleka mbele kabla sijapanga la kusema.

"Karibu, mwanangu," mzee yule akasema. "Wamtafuta nani?"

"Namtafuta huyo."

Mume wangu alisimama, halafu akaketi tena, kama aliyesahau alichosimamia.

"Ni nani wako?"

"Ni mume wangu. Nataka kujua mnamlisha nini."

Yule mama akamgeukia mume wangu. "Si uliniambia mkeo ajua?"

"Mimi aliniambia anakula kazini," nikasema. "Kila mwezi. Siku tatu."

Hapo adhana ikaanza. Mama akasogeza sahani mbele yake. "Fungua, usicheleweshe. Lakini kinywa kilichokataa chakula mchana kutwa kikamdanganya mke, hiyo si saumu. Leo umeshinda na njaa tu."

Akanipa mimi pia moja. Ilikuwa tende. Ndani yake nikakuta mbegu nyembamba yenye ufa, na uso ukanichoma kwa aibu.

Ni yule mama aliyenieleza, mume wangu akinywa maji. Mtoto wetu alizaliwa kabla ya miezi yake, nami nikalazwa naye hospitalini majuma matatu. Siku hizo mume wangu aliharibu kila kinyago alichoshika. Mwenzake akamleta hapa kunywa chai. Mama akamwambia kwamba wao, mwezi ukijaa, hufunga siku tatu, ya kumi na tatu, ya kumi na nne na ya kumi na tano. Asiyezoea huanza na siku moja: ale kabla ya alfajiri, atie nia, achunge ulimi mpaka jua lizame.

"Akaniambia, mimi si Mwislamu, mama. Nikamwambia, sijakuuliza dini. Nimekuuliza kama waweza kukaa na njaa."

Akaweka nadhiri: tukitoka hospitalini sote wawili, mimi na mtoto, atafunga mwaka mzima. Ilikuwa imebaki miezi minane.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Karibu na mlango wetu nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungemwambia baba yako."

Kweli, ningemwambia. Nilikasirika zaidi kwa sababu ilikuwa kweli. Na nitasema jambo ambalo sijawahi kumwambia yeye: kwa muda nilitamani ingekuwa mwanamke. Mwanamke ningejua la kumfanya. Hili la mtu kunishindia njaa kwa siri, sikujua nilipeleke wapi.

Mwezi uliofuata niliamka kabla yake, nikampashia uji. Si kwamba nilikuwa nimetulia. Nilimwangalia akinywa nikijiuliza kama baada ya uji itafuata kofia, kisha jina jipya, kisha mimi nitakuwa nani. Jumapili kanisani nilikuwa nikisikiliza kama anaimba.

Katika mwezi wa mwisho, siku ya kumi na nne, baba alitokea bila kutuma habari, amebeba kuku na mfuko wa maembe. Ilikuwa Jumamosi, mume wangu yuko nyumbani. Nilipakua muthokoi. Baba akaomba, akala, kisha akaona ni mimi na yeye tu tunaokula.

"Mkwe wangu hali?"

Mume wangu alinitazama. Alikuwa anafungua kinywa, nami niliona kwamba atasema ukweli.

"Tumbo linamsumbua, baba," nikawahi.

Baba akaweka kijiko chini. Akainuka, akaweka mkono juu ya tumbo la mume wangu, akaliombea kwa Kikamba maombi marefu, akilikemea lipone. Mume wangu akaitikia amina kwa sauti, macho yamefumbwa, na sijui hadi leo alikuwa anaitikia nini.

Jioni nilimsindikiza baba kituoni. Tulipofika aliutazama mwezi uliokuwa ukichomoza, akanishika bega.

"Hilo tumbo humuuma siku gani na gani?"

"Sijui, baba. Huja tu na kwenda."

Alipanda basi, akakaa dirishani, akaendelea kunitazama mpaka basi likaondoka.